Safu Tupu

Novemba. Jike mwenye sikio lililochanika
amepandwa na madume sita
kabla chai yetu haijapoa kwenye chupa.
Nimeandika sita. Nikafuta, nikaandika saba.

Kitanda hakizai haramu, husema watu;
humu mierezini hata kitanda hakuna,
kuna theluji, matako yaliyovimba, na haraka.
Daftari lina safu ya mama.
Ya baba tumeiacha tupu.

Aprili. Pengo, dume mzee,
amebeba kichanga mweusi wa siku tisa,
anampeleka kwa yule aliyemng'ata wiki iliyopita.
Wanaketi. Kichanga katikati.
Wanamwinua, wanamnusa tumbo,
meno yakigongana tatatata,
na ugomvi umeishia hapo.

Udad, mlinzi wa msitu, hucheka kila kitu.
Leo hakucheka.
"Binti yangu," akasema, akichokonoa gome kwa kisu,
"pua yake si yangu. Azrou nzima inajua."
Akanyamaza, kisu kikiendelea.
"Ila radi ikipiga,
mgongo anaoukimbilia ni huu."

Nikafunga daftari kabla hajaiona ile safu.