Muhuri wa Zambarau

Alfajiri, taa ya machinjio inasinzia.
Mwinjaka ananoa kisu nyuma ya ukuta
ili ng'ombe wasione.
"Kumwonyesha kisu," husema, "ni kumchinja mara mbili."
Kisha humlaza ubavu, humwelekeza kibla,
humtajia Aliyemuumba kwa sauti ya mtu
anayebisha hodi usiku kwa jirani.

Kazi yangu huja baadaye:
maini, mapafu, tezi za shingo,
daftari, wino wa zambarau,
muhuri: INAFAA KWA BINADAMU.

Miaka kumi na tisa. Sijawahi kukosea ini.

Leo mtamba mwekundu aliyeletwa kutoka Handeni
alikuwa na ndama tumboni,
kwato laini kama nyama ya dafu.
Nikapekua daftari. Ipo safu ya minyoo,
safu ya majipu, safu ya kifua kikuu.
Yeye hana safu.
Nikamwandika pembeni, kwa penseli.

Mwinjaka akafuta kisu. "Siku ya hesabu
mbuzi asiye pembe atamdai mwenye pembe,
na atalipwa."
"Na sisi? Nani atatudai sisi?"
Akatazama maji yakienda mferejini.
"Sisi tumeruhusiwa," akasema.
Asubuhi hiyo supu yake ilipoa, na nzi wakaijua.

Mama yangu, Mbondei wa Magila, mpiga kengele wa kanisa,
alinifundisha kwamba Adamu aliwapa wanyama majina.
Lakini kuku wa Krismasi alikataza tusimpe jina.
Alikuwa anajua.

Bibi mzaa baba hakubatizwa.
Yeye alizungumza na mbuzi wa tambiko,
akamweleza shida yote ya ukoo,
kisha wakasubiri atikise kichwa: ndiyo, nimekubali.
Mwaka mmoja walisubiri hadi jua likainama,
mbuzi anacheua tu, anawatazama.
Ndipo mjomba Semhando akamtia maji sikioni.

Nilipokunja koti nikaona muhuri umenigusa
kifundo cha mkono, juu ya mshipa:
INAFAA KWA BINADAMU.
Sabuni imeshindwa. Limau limeshindwa.

Ngamiani, Barabara ya Tatu,
Bi Kantaben, ambaye hajaonja hata yai tangu azaliwe,
alikuwa analisha ng'ombe mzururaji chapati na sukari guru.
Akauona mkono wangu. Akausoma polepole,
kama anayesoma bei.
"Huyu," akasema, akimpapasa nundu,
"pengine alikuwa mtu. Pengine ni wewe, safari ijayo."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ng'ombe akanyosha shingo, akanilamba,
ulimi kama msasa, mara moja, mara tatu,
herufi zikaanza kuondoka:
INAFAA ikaenda, KWA ikaenda, BI ikaenda,
ikabaki NADAMU.

Nilijua anatafuta chumvi.
Sikuuondoa mkono.