Waya Uliogoma

Saa moja asubuhi, Februari, Leeds haijafumbua jicho.
Nateremka barabara ya Chapeltown na mkoba wangu:
ufunguo wa kupimia, kabari za mpira, utepe wa sufu nyekundu,
chapati mbili ndani ya karatasi ya fedha.
Theluji imegeuka tope. Viatu vinalalamika
kwa herufi zisizoandikika.

Studio hii ilikuwa kiwanda cha kutia sufu rangi.
Sakafu bado ina madoa ya buluu,
na babu yake Gareth Ackroyd, mpiga besi,
alitoka humu kila jioni na buluu hadi viwikoni,
akala nayo, akazikwa nayo.
Gareth hunionyesha vidole vyake, ncha zimeota sugu.
“Urithi wangu ni huu,” asema,
kisha aniomba chapati.

Mimi si mwanamuziki. Mimi ni mpimaji.
Kinanda kina nyaya mia mbili na ushee
na kila mmoja una kiburi chake.
Saa tatu nilikibembeleza, nikikikaripia, nikikisikiliza,
kikakaa sawa chote isipokuwa waya mmoja
wa La, juu kidogo ya katikati.
Nauvuta, unakubali.
Nageuka kunywa chai, umelegea.
Nikafunga kifuniko. Sikumwambia mtu.

Saa nne wakaingia.
Yolande Liburd, saksafoni begani kama mtoto aliyesinzia.
Mzee Pinnock na ngoma nne na sufuria moja
(sufuria, naam, ya kupikia wali, imebonyea ubavu).
Na kwenye kinanda Tobiasz Wrona,
kijana asiyesema neno kabla ya adhuhuri.

Pinnock akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.
Tano!
Mimi niliyelelewa kwa nane na nane,
niliyechapwa vidole darasani
kwa shairi lililopungukiwa mizani moja,
nikangoja ya sita, ya saba, ya nane.
Hazikuja.
Wimbo ukachechemea chumba kizima
kama mtu aliyevaa kiatu kimoja
na mimi nikashika ukingo wa kiti kwa niaba yake.
Hakuanguka.

Mara ya kwanza bomba la joto liligonga ukutani. Wakaacha.
Mara ya pili likagonga tena. Fundi wa sauti akatukana kwa adabu.
Mara ya tatu likagonga, na Pinnock
akalijibu.
Ko, likasema bomba.
Ko-ko, ikasema sufuria.

Kisha Tobiasz akaikaribia La.
Niliisikia kabla hajaigusa,
kama mwenye deni asikiavyo hodi.
Waya ulikuwa umelegea kwa unene wa unywele:
noti ikatoka na kivuli chake.
Nikafumba macho.
Nilipoyafumbua, Yolande alishakiona kile kivuli,
akakifuata, akapuliza papo hapo,
kati ya noti na noti,
mahali ambapo mimi hulipwa kupafuta.

Santuri ilikuja kwa posta mwezi wa Juni.
Nyuma, kwa herufi ndogo kuliko maelezo ya dawa:
kinanda kilipimwa na Monadi Sheku.
Mimi ni Mwanaidi Shekue.
Monadi! Kama niliyenadiwa mnadani.
Na bwana mmoja gazetini akaandika aya nzima
juu ya ile La: ati ni jeraha la karne,
ati ni hamu ya kwao wasikokujua.
Nilisoma nimesimama jikoni,
nikacheka hadi maziwa yakafurika jikoni kote.

Lakini usiku naweka sindano pale pale.
Ko. Ko-ko. Halafu kivuli.
Jirani wa chini hugonga dari yake kwa ufagio, nipunguze:
mara nne.
Najikuta nangoja ya tano.

Jumanne wameniita tena, kinanda kilekile.
Waya mpya nimeshanunua, pauni sita na senti kadhaa.
Umo mkobani, umejikunja,
haujui kama nitautoa.