Vuta, Usisukume

Jiko la kuni linakohoa. Nje, Oktoba ya kaskazini mwa Michigan
inagonga bati kwa vidole vya mvua.
Ubao wa baba nimeukaza kwenye jiliwa,
na juu ya ubao, ngozi:
kipande cha hatamu za Ruska, farasi aliyekokota magogo
kabla matrekta hayajafika huku,
wala mimi sijafika.
Matundu matatu ya bizimu bado yapo.
Ukiinama utanusa jasho lake. Au labda ni mimi tu.

Kinoo kimemaliza kazi yake ya kelele,
kimeacha vinyweleo vya chuma ukingoni,
huvioni, ila ukucha unavikwaa.
Hivyo ndivyo ngozi inavyovitaka.
Napaka nta ya kijani, kidogo,
kama bahili anavyopaka siagi kwenye mkate wa mgeni,
nakilaza kisu, mgongo mbele, makali nyuma.
Vuta, usisukume.
Ukisukuma utaichana ngozi, nayo haitakulaumu,
itakaa na kovu lake
na kila kisu kitakachopita kitajikwaa papo hapo.
Kovu hili ni langu. Nilikuwa na miaka tisa.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Reino, baba yangu, hakuwaza nyama.
Aliwaza kulungu jike wa mwaka ule,
kigumba kilichokaa podoni misimu miwili bila kuguswa.
Mshale butu haukati, unasukuma.
Tulimfuata kwa kurunzi,
tone hapa, hatua kumi, tone kule,
hadi kinamasi kikatufungia njia na theluji ikaanza.
Baba akazima taa ili tusikie vizuri.
Tulisikia.
Baadaye hatukusikia.
Njiani kurudi hakunena neno,
na asubuhi nikamkuta zizini, anaikata hatamu.

Kigumba cha mabawa matatu kina adabu yake:
mabawa mawili hulala pamoja, la tatu hungoja juu
kama mtoto aliyenyimwa nafasi kitandani.
Vuta. Geuza. Vuta.
Kisha natandaza mpira mwembamba mdomoni mwa chupa
na kuugusa kwa ncha, bila nguvu.
Ukinesa, narudi kwenye ngozi.

Jumapili nilikwenda kumnyoa, kule wanakomlisha kwa kijiko.
Nilichukua wembe wake wa zamani, ule wa kukunja.
Muuguzi alisimama mlangoni, mkono kifuani.
Kidevuni, mambo hugeuka: makali hutangulia.
Akaushika mkono wangu, wake ukitetemeka,
akauliza, "Lempi, umepitisha mara ngapi?"
"Hamsini kila upande."
Akafikiri sana.
"Ongeza kumi," akasema,
lakini tayari alikuwa ameinua shingo.

Hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Mpira umekatika kabla sijajua nimeugusa.