Kugonga Ubavu

Ndoole muuza bafle, pale Birere,
alimweleza mdogo wangu bei zote.
Mimi niliyeshika pesa
nilisimama pembeni kama mwavuli wake.

"Hii, kaka, wati elfu mbili.
Ukifungua, mabati ya jirani yanacheza."
Mdogo wangu akacheka, uso umegeuka buluu
kwa taa zinazozunguka kinywani mwa spika
kama baa siku ya mshahara.

Sikuwa natafuta mabati ya jirani.
Miaka kumi na mmoja nimeshona sare za shule
muziki ukitoka kwenye simu iliyotumbukizwa ndani ya kikombe cha bati,
besi yote ikibaki chini kama majani ya chai.
Na pesa nilizikagua, noti kwa noti,
maana Goma dola iliyochanika hainunui hata chumvi.

Nikapiga magoti. Nikagonga ubavu
kwa kifundo cha kidole,
kama mtu anayechagua tikiti.
Jozi ya kwanza ikajibu kwa sauti ya kabati lisilo na nguo.
Habari za debe tupu nilizisikia tangu utotoni;
sikujua debe lenyewe linauzwa dola mia tatu.

Jozi ya pili ilipendeza,
ila kila mwimbaji alikuwa na mafua.

Ya tatu ilikuwa nyuma, imeegemea makatoni ya feni,
kimo cha mtoto wa darasa la tatu,
mbao nzito, kona moja imeliwa,
kitambaa cha mbele kimeraruliwa na paka
wa nyumba nisiyoijua, huko ng'ambo ilikotoka.
Nikagonga. Ikasema: mm.
Kama mtu aliyeshiba anapoulizwa kama ataongeza.

"Weka flashi yangu," nikasema.
Rumba ya zamani, gitaa mbili.
Naijua kama ninavyojua mshono wa kwapa.
Ndoole akakimbilia kitufe cha besi; nikamshika mkono.
"Acha kama ilivyo."

Na pale, kabla ya sebene,
mahali ambapo kikombe changu kilikuwa kimya siku zote,
mtu akasogeza kiti.

Mguu wa kiti, sakafu,
kisha pumzi,
kisha nyuzi.

Mdogo wangu aliacha kutazama taa.

"Mia na hamsini," akasema Ndoole, sasa akiniambia mimi.
"Tisini. Paka amekula kitambaa."
Tukaishia mia na kumi
na suruali mbili za wanawe nizikunje pindo.

Nzanzu alizifunga kwenye chukudu kwa mpira wa tairi,
zimelala chali kama wagonjwa,
tukasukuma kupanda Majengo, sote watatu,
tukiiomba mvua isubiri. Haikusubiri.
Nilivua kitenge cha juu nikazifunika.

Nyumba yetu ni ya mbao.
Sauti ya chini ikipigwa, sakafu nayo inaimba, tena vibaya.
Kwa hiyo niliokota uani mabamba mawili ya mawe meusi,
yale yale yaliyoshuka mlimani yakiwaka
yakameza jiko la mama na sufuria zikiwa mekoni,
nikaweka moja chini ya kila spika.
Yakae hapo. Na yenyewe yafanye kazi.

Kitambaa nilikichagua kwa kupuliza.
Kitenge kinaziba pumzi. Satini inaikata.
Wavu wa shela, kipande kilichobaki
kwa bibi harusi aliyeahirisha mara mbili,
uliipitisha yote, nikaihisi kiganjani upande wa pili.
Nimeushona kwa mwanga wa tochi
kwa sababu umeme ulikatika tulipovuka tu kizingiti.

Sasa zimesimama gizani, mbili,
kama wakwe waliofika kabla ya ugali kuiva.
Mdogo wangu amelala.
Nami nipo mbele yao, mkono karibu na swichi,
sina haraka,
nasogeza kiti.