Uzito wa Ndoo

Herufi A imefutika kwenye kibodi yangu.
Kidole kinaijua nyumba yake, hakiulizi mlango.
Miaka tisa dirisha lile lile jeusi, maandishi ya kijani,
kihariri kisicho na picha wala kitufe cha kubofya,
nami hujisifu, nikiwa na watu, kwamba sijashika kipanya
tangu enzi Arua ikila umeme wa jenereta, saa sita kwa siku.

Chumba chetu kiko juu ya duka la misumari.
Uani, chama cha wafuga nyuki hupima asali.
Programu ya mizani ni yangu: jina, kilo, shilingi,
kisha risiti inatoka ikiguna kama mbuzi mwenye mafua.

Candiru alikuja Februari na kompyuta ya kuazima
yenye vibandiko vya timu ya kaka yake
na kihariri kinachommalizia maneno kabla hajayafikiri.
Nilicheka. Nikamwambia, chombo kikikufikiria,
wewe utabaki na kazi gani?
"Ya kuuliza," akasema.
Kuuliza si ujinga, nilimwambia siku ile ya kwanza.
Siku ya nne nilikuwa nimeanza kununa.

Kwa nini faili hili linaitwa mpya_mpya_mwisho?
Kwa nini kila ukihifadhi kazi unaandika "marekebisho",
halafu "marekebisho tena", halafu "sasa kweli"?
Kwa nini hapa, mstari wa mia mbili na kumi na saba,
kila uzito unapunguzwa mbili,
na juu yake pameandikwa USIGUSE?

Nikasema, aliyeandika alikuwa na sababu zake.
Nikasema, kuna watu walipita hapa, wavivu wa kueleza.
Akaita historia ya faili, tarehe na mwandishi wa kila mstari.
Kishale kikapepesa chini ya jina:
Ezati. Ezati. Ezati.
Mimi.
Saa nane na dakika tatu usiku, miaka sita iliyopita.

Sikukumbuka kitu. Nilimtazama huyo Ezati
kama mtu anayenidai na nimesahau ni pesa gani.
Nikafanya ninachokijua: nikafungua madirisha manne,
nikachapisha namba kila hatua, nikapekua mtandao
mpaka bando likaisha,
na chai ikapoa ikaota ngozi.

Yeye aliteremka ngazi.
Nilimwona kupitia wavu wa dirisha,
viatu mkononi kwa sababu ya tope,
akiomba ndoo isiyo na kitu,
akiiweka kwenye mizani, akiinama kusoma.
Akapanda na kijikaratasi: gramu mia sita.

Ndoo za zamani zilikuwa za bati.
Kilo mbili kamili. Nikakumbuka hata kelele zake zikipangwa.
Mwaka juzi chama kilinunua za plastiki, nyepesi, za manjano,
na hakuna aliyeiambia programu,
na programu, mtiifu kuliko sisi sote,
ikaendelea kutoa mbili, kutoa mbili,
kilo moja na gramu mia nne kila ndoo, kila mfugaji,
na Ayikoru wa Vurra aliyesema mara tatu mbele ya kaunta,
"Asali yangu inakonda njiani,"
nami mara tatu nikamjibu, kompyuta haikosei.

Ule mstari sasa haupo.
Mahali pake pana swali: ndoo ya leo ina uzito gani?
Programu haianzi asubuhi mpaka mtu ateremke, apime, ajibu.
Candiru aliandika maelezo ya mabadiliko, sentensi tano,
na nimezisoma zote.

Dirisha jeusi sitaliacha, kwa hilo tusigombane.
Lakini ukutani nimebandika karatasi ya madeni,
majina mia moja thelathini na moja, kilo kwa kilo,
chama kimelipa sita.
Ayikoru ni wa saba. Anakuja Jumanne.
Nimemwomba Candiru aniache nimweleze mwenyewe.