Vitanda Arobaini

Kabla ya bomu la kwanza, wataalamu walishapiga hesabu:
kwa kila mwili utakaojeruhiwa, akili tatu zitavunjika.
Mimi ndiye niliyeichapa, nakala nne,
kaboni ikinichafua vidole.
Hull yote, walisema, itamwagika mitaani ikipiga mayowe.
Basi Daktari Pashby akaagiza vitanda arobaini,
mablanketi mapya yanayonuka dawa ya nondo,
dawa ya usingizi kabati zima,
milango isiyo na vitasa kwa ndani.

Mei ikaja. Gati likaungua siku mbili,
ngano ya maghalani ikanuka
kama mkate uliosahauliwa tanurini.
Tukangoja. Akaja mmoja tu, mzee Thackray,
na yeye alipotea njia akitafuta idara ya meno.

Daktari akazunguka kati ya mashuka yasiyo na kunyanzi
kama mwenye karamu aliyekosa wageni.
"Chapa, Bi Cawood," akasema. "Wamezoea.
Binadamu ana ustahimilivu tusioupima."
Nikachapa. Nukta.

Sikumwambia habari za mama,
anayelala na viatu, kamba zimefungwa,
anayejua vidato vya kushukia handakini ni kumi na saba
na akikosea hesabu hurudi juu aanze upya,
king'ora kikilia.
Sikumtaja Desmond wa jirani, miaka sita:
birika likipiga mluzi, mkojo unamtiririka,
naye anaendelea kula, macho hayabanduki sahanini.
Wala Bwana Stathers wa buchani,
ambaye kila kitu kinamchekesha tangu mkewe azikwe.
Hofu yao haikupanda basi la hospitali.
Ilikuwa na zamu kiwandani, foleni ya mkate,
nguo za kuanua kabla ya mvua.

Wataalamu waliitazamia ije na kelele,
ije uchi, ikijitaja jina.
Hawakudhani ingevaa aproni.

Ijumaa upepo ukaubamiza mlango wa stoo.
Nilipoinua macho, kiti cha daktari kilikuwa kitupu.
Alikuwa chini ya meza,
goti moja kwenye wino uliomwagika.
Tukatazamana.
"Nimeangusha kalamu," akasema.
Kalamu ilikuwa sikioni kwake.

Nikashuka nami sakafuni,
nikamsaidia kuitafuta.