Marejeo ni Ngamani

Saa kumi na moja alfajiri, Kigamboni,
nafungua koki, maji ya chumvi yanaingia
ndani ya kontena la chuma tulilolifukia nusu
na kulibatiza meli.
Taa nimezima. Makuruta tisa wamo humo.
Mimi nipo juu ya kifuniko, saa mkononi,
nasikiliza kwa sikio la kulia;
la kushoto lilishabaki chumba cha injini.

"Kabari! Siyo hiyo, ile nyembamba!"
Nyundo. Tusi. Nyundo.
Mtu anamwita Mungu kwa Kihaya.

Kwenye ukumbi wenye kiyoyozi
wakubwa wametandaza ramani pana kama shuka la harusi.
Wanachora mishale. Mishale haivuji.
Hainywi dizeli, haidai sili ya pampu
iliyoagizwa Machi, ikajibiwa Oktoba:
tajeni upya namba ya kipuri.

Wageni nao huja kwa zamu,
manowari za bendera hii, mwezi ujao za bendera ile,
zimepakwa rangi hata pasipoonekana.
Bendi hupiga. Tunagawiwa kofia na biskuti,
tunatabasamu kwa meno yote
huku macho yanahesabu antena.
Husemwa fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi.
Sawa. Lakini nyasi hazina rada.
Sisi tunayo, moja, na Koplo Zamoyoni
hufuta kioo chake kwa fulana yake mwenyewe.

Ndiye aliyekiona usiku ule:
kidoti kisicho na jina, mashariki ya Fungu Mbaraka,
kimezima kila kinachotakiwa kuwashwa,
kinakwenda polepole
kama mtu anayepima kiwanja kisicho chake.
Amri ikaja: tokeni.
Injini ya kwanza ikaitika.
Ya pili ikakohoa, ikanyamaza,
nami nipo chini yake, tochi mdomoni,
nafunga mpira nilioununua Gerezani
kwa pesa yangu, shilingi elfu nne,
mpira wa trekta.

Dakika kumi na moja.

Tulipofika, bahari ilikuwa bahari tu.
Ripoti iliandikwa kwa hati nzuri:
chombo kilitoka kwa wakati.
Kamanda alitia saini. Nami nilitia.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani,
walisema waliojua vyombo.
Tezi nimeifagia. Omo nimesimama gwaride,
viatu vinang'aa, mgeni rasmi anapunga mkono.
Lakini miaka kumi na tisa nimeishi ngamani,
maji machafu yakinifika vifundoni,
na ninachokijua ni hiki: meli hushindwa huku chini
kabla adui hajaamka kupiga mswaki.

Kifuniko kinagongwa mara tatu. Wamemaliza.
Wa kwanza kutoka ni Pulkeria,
kucha moja imeng'oka, nyundo hajaiachia.
"Dakika ngapi, Afande?"
"Tisa."
Anatema chumvi.
"Afande, hivi adui wetu hasa ni nani?"

Jibu la kitabu ninalo, limebandikwa ukutani bwaloni.
"Leo," nasema, "ni kutu."
Wenzake wanacheka. Yeye hacheki.
"Na mbona kikomo ni kumi na moja?
Kitabu kinasema kumi na tano."

Ng'ambo ya mkono wa bahari makreni yameanza kazi,
yananyanyua makontena ya watu wa mbali,
mchele, mabati, mitumba, dawa za figo,
kana kwamba njia ya kuyafikisha hapa
hujilinda yenyewe.

Naitazama saa. Nairudisha sifuri.
"Rudini ndani," nasema,
na mkono wangu, kabla yangu mimi,
umeshashika koki.